Kuweka Linux Nyuma ya Leso

Siku yangu ya tatu kazini niliifuta kompyuta nzima ya mwajiri wangu kwa sababu ya adabu. Sisemi hivi kujitetea. Nasema ili ninyi mlioshika kazi hii baada yangu mjue kwamba malezi mema yana mahali pake, na mahali pake si mbele ya mashine.

Ilikuwa hivi. Mutua, mwenye duka, alinipa sidii moja akaniambia niiingize kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa pembeni, niiwashe ianzie kwenye ile sidii badala ya diski yake ya ndani, halafu niiwekee mfumo mwingine unaoitwa Linux. Kisha akaenda Ukunda kununua wino. Kiti cha ile kompyuta ya pembeni kilikuwa kimevunjika mguu. Kiti cha mashine ya Mutua mwenyewe kilikuwa na mto. Nikajiambia, kompyuta ni kompyuta, nikakaa kwenye mto.

Mashine ikaniuliza kama ifute kila kitu kilichomo ndani. Nikaona si vizuri, nikarudi nyuma. Ikauliza tena. Nikasitasita. Ikauliza mara ya tatu, una hakika? Sasa mimi nimezaliwa Msambweni na nimelelewa Msambweni. Kwetu mgeni akikaribishwa chakula hukataa mara ya kwanza, mara ya pili hukataa kwa sauti ya chini kidogo, na mara ya tatu hunawa mikono. Akikataa mara ya tatu amemtukana mwenye nyumba. Basi na mimi nikanawa mikono.

Barua za watu, kadi za harusi, wasifu wa marehemu, picha za pasipoti za nusu ya Msambweni, vyote vilikwenda kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Nami chai yenyewe nilikuwa nainywa.

Mutua aliporudi alisimama mlangoni na kopo lake la wino.

"Buda, umefanya nini?"

"Ilinisisitizia," nikamwambia.

"Ilikusisitizia?"

"Mara tatu."

Akakaa kwenye kile kiti kilichovunjika, kikamwangusha, akabaki pale pale chini akiniangalia. "Bakari," akasema, "ilikuwa inakuuliza. Haikuwa inakukaribisha."

Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa, na tangu siku hiyo nimelifundisha kila mtu niliyepata kumfundisha. Mutua hakunifukuza. Baadaye alisema alinibakiza kwa kuwa barua zote zile nilikuwa nimezisoma kwa udaku wangu, nikazihifadhi kichwani, na wiki tatu zilizofuata nilizipiga upya moja moja. Wasifu wa marehemu mmoja ulitoka mzuri kuliko wa kwanza. Familia yake ilishukuru.

Mambo ya vyeo siyaandiki hapa. Duka lilikuwa na watu wawili, na cheo cha pili kilikuwa changu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapiga taipu miaka kadhaa kwenye ofisi za watu, na sifa yangu kubwa katika mtaa wetu ilikuwa kwamba sitoki nyumbani. Wenzangu walikwenda Mombasa kutafuta kazi, wengine hadi Uarabuni. Mimi nilitafuta kazi iliyo umbali ambao ningeweza kurudi mchana kula wali wa mke wangu Saumu, nikaipata, sikuiacha.

Mutua alikuwa Mkamba aliyeteremkia Diani kufanya kazi hotelini. Msimu wa watalii ulipokufa na hoteli ikafunga, hakurudi kwao, akafungua duka la kompyuta kwetu. Alichanganya Kiswahili, Kiingereza na Kisheng katika sentensi moja, kisha akajiuliza kwa nini wateja wanatikisa kichwa tu. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi mbili, burashi ya rangi ya kutolea vumbi, na mfuko wa sidii. Alipenda Linux kwa sababu haina leseni ya kununua, na kwa sababu virusi vilivyokuwa vikisambaa kwa flashi za watu siku hizo havikuipata.

Alinifundisha kuchoma sidii polepole. "Ukichoma haraka," alisema, "inakuwa kama nyama ya wedding. Nje nyeusi, ndani damu." Ninyi mnaotumia flashi mtacheka, lakini sidii iliyochomwa haraka ilikuwa inafika nusu ya kazi kisha inasimama, na wewe umesimama nayo, na mteja amesimama nyuma yako. Alinifundisha pia kwamba kila mashine ina kitufe chake cha kubishia hodi. Nyingine F12, nyingine F2, nyingine Delete. Ukiiwasha tu, unakibonyeza mfululizo bila kuchoka, mpaka ifungue ile orodha ya kuuliza ianzie wapi. Ukichelewa sekunde moja umelazwa nje.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na nyingi ugumu wake haukuwa wa kompyuta. Kuna mashine ya nyumba za kupangisha za ufukweni Tiwi ambayo kila nikiiwekea mfumo inazima katikati. Niliweka mara nne. Mara ya tano nikafungua kasha, nikamkuta mjusi amekaa juu ya feni, mnene, ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake. Fungueni kasha kwanza. Chumvi ya bahari, sisimizi, mijusi, kisha ndipo muilaumu sidii.

Kesi nyingine ilikuwa Taru, kwa mfanyabiashara wa mbuzi mwenye ofisi kando ya barabara kuu ya Nairobi. Mutua alikuwa mgonjwa, ikabidi niende mimi. Kazi ilichukua saa moja na nusu. Kutamani nyumbani kulianza nilipovuka feri na hakukuisha. Yule bwana alinipa mbuzi mdogo kama zawadi, nikamkataa mara ya kwanza, nikamkataa mara ya pili, na kwa bahati mbaya yeye alikuwa mtu wa bara kavu, hakuniuliza mara ya tatu.

Lakini kesi ninayotaka kuieleza kwa kirefu ni ya mwaka wangu wa sita, na sikulazimika kusafiri, ilitokea nyumba mbili kutoka kwangu.

Asubuhi moja kabla sijaenda dukani, alikuja Riziki.

"Shikamoo, kaka Bakari."

"Marahaba. Mbona huku? Duka hulijui?"

Akaketi kwanza. Riziki ndiye aliyekuwa akipiga filamu za harusi za wanawake kutoka Msambweni hadi Kinondo. Kwa asiyejua, kwetu ngoma ya harusi ya wanawake huchezwa ndani ya ua. Mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, na viuno hufanya kazi ambayo sijapata kuiona, kwa hivyo sitaieleza. Mshika kamera lazima awe mwanamke, na kabla ya kuwasha kamera alikuwa akimwapia mama wa bibi harusi kwamba picha zile jicho la mwanamume halitaziona kamwe. Kazi yake yote ilisimama juu ya kiapo hicho.

"Mashine yangu imekufa," akasema. "Kuna mtu alichomeka flashi yake jana. Sasa ikiwaka inaonyesha rangi ya buluu na maandishi, kisha inazima."

"Ndani mna harusi ya nani?"

Akaelekeza kwa midomo ukutani. Nyuma ya ukuta huo ni kwa jirani yangu Mejumaa.

Mejumaa alikuwa amemwoza binti yake miezi mitatu nyuma. Mama yake Mejumaa, Bi Kibibi, ndiye aliyeongoza nyimbo siku hiyo, akiwa mzee wa miaka themanini na kitu. Baada ya harusi aliugua akafariki, na jana yake tu tulikuwa tumemsomea arobaini. Bi Kibibi hakupenda picha. Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, na pale ameangalia kamera kama mtu aliyekamatwa. Filamu ile ndiyo mahali pekee duniani ambapo angeonekana akitembea na kuimba.

"Na kanda ulizorekodia?" nikamuuliza.

"Nilizirudia. Nilirekodia maulidi ya kina mama juu yake."

"Riziki!"

"Kanda ni ghali, kaka. Nilikwisha kuiingiza kwenye kompyuta, nikasema imo salama."

Hapo mlango ukafunguka bila hodi. Kuta za kwetu ni nyembamba. Mejumaa aliingia na mwiko mkononi, ametoka jikoni, na hakupiga kelele. Mejumaa asipopiga kelele ndipo pa kuogopa.

"Nimesikia," akasema. "Mamangu yumo mle au hayumo?"

"Yumo," nikamwambia. "Mashine imeharibika mfumo wake, si lazima vitu vimepotea. Nyumba ambayo kufuli la mbele limeng'ang'ania huivunji. Unaingia kwa mlango wa uani, unakuta kila kitu kilipo. Mimi nina sidii ya kuingilia uani. Ileteni mashine dukani, nifungue, nitoe filamu, halafu..."

"Dukani!" wakasema wote wawili.

Nikakumbuka. Uani, kama mjuavyo, si pa wanaume.

"Siwezi kutoa kitu bila kukiona kwenye skrini," nikasema.

"Basi utakiona nini?" Mejumaa akauliza. "Wanawake arobaini vichwa wazi? Mke wa imamu yumo, wewe Bakari. Mke wa imamu alicheza mpaka akavunja kigoda."

"Nitafumba macho."

Kutoka jikoni mke wangu Saumu akaitikia, "Huyo? Huyo hata akilala jicho moja liko wazi!"

Riziki akaanza kulia. Akasema mwanamume akiiona filamu ile yeye atahama Msambweni. Mejumaa akasema isipopatikana itambidi kuhama vile vile. Mimi nikawa nimekaa kati ya watu wawili, na nafikiri siku ile ningekwenda hata Taru kwa miguu.

Ni Saumu aliyepata dawa. Alitoka na leso mbili na kamba ya kuanikia nguo. "Nyie mnasumbuka bure," akasema. "Mwekeni nyuma ya pazia. Mdomo anao. Aseme, Riziki abonyeze."

Sikuwa nimewahi kuweka mfumo kwa mdomo, na sijui kama kuna fundi aliyewahi. Lakini njia nyingine haikuwapo. Kwanza nikaenda kuitafuta sidii. Hapa kuna kosa jingine, dogo. Ile sidii nzuri niliyoichoma polepole sikuwa naiweka dukani, nilikuwa nayo nyumbani, na Saumu alikuwa ameitundika kwenye mchicha kutishia ndege. Nilimkuta ndege mmoja amekaa karibu nayo anajitazama, hana hofu yoyote. Nikaiosha kwa sabuni na maji, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Kamwe usiizungushe kama unayefuta sahani. Ikang'aa. Mikwaruzo miwili, nikaisomea bismillahi.

Tukakutana chumbani kwa Riziki saa nne asubuhi. Leso zikafungwa kutoka dirisha hadi mlango. Upande mmoja kompyuta na Riziki, na Mejumaa ameketi kama mlinzi na mwiko wake. Upande mwingine mimi juu ya kigoda, uso wangu na leso, na leso yenyewe imeandikwa UNACHOTAFUTA HAKIKO HUKU. Saumu alisema aliitoa ya juu tu kabatini. Sikumwamini wakati ule na leo simwamini.

"Ingiza sidii. Washa. Bonyeza F12, mfululizo, usisimame."

Nikasikia kibodi kama mvua ya mabati.

"Imetokea orodha!" Riziki akasema.

"Chagua iliyoandikwa CD. Kisha Enter."

Sidii ikaanza kunguruma ndani, sauti ninayoipenda hadi leo, kama paka anayekubali kushikwa.

"Unaona nini?"

"Maandishi meupe yanapanda mbio."

"Yaache yapande. Wakati wa kuyaogopa ni yakisimama."

Yakapanda, yakaisha. Kukawa na muda mrefu. Mashine inayoishi kwa sidii huenda polepole, na Riziki akasema anakwenda kunywa maji. Nikasema nenda, tunasubiri tu. Hapo nilikosea tena. Sikusema mtu asiguse.

Baada ya dakika chache nikasikia sauti ya Mejumaa, tamu, ya mtu anayemhudumia mgeni. "Imekuja, Bakari. Imenikaribisha vizuri. Ina viboksi viwili, nimebonyeza cha kulia."

"Cha kulia kimeandikwaje?"

"In-sto."

Jasho likanitoka hadi kwenye vifundo. Cha kushoto kilikuwa cha kujaribu mfumo bila kugusa diski ya ndani. Cha kulia kilikuwa cha kuuweka.

"Mejumaa, usiguse tena kitu chochote."

"Nimeshaipa lugha. Sasa inauliza kama ifute diski yote ianze upya. Inauliza kwa adabu kweli."

"Usiikubalie!"

"Nimerudi nyuma, imeniuliza tena, jamani. Si vizuri kuikatalia sana, isije ikakasirika na mama yumo ndani."

Nilikuwa nimeshasimama, pua imegusa ile leso. Nikasikia mwiko ukipigwa mezani.

"Ukivuka hapa, Bakari, nakuvunja kidole cha mguu!"

"Sivuki! Lakini ukibonyeza ndiyo, Bi Kibibi hayupo tena! Umesikia? Hayupo! Mashine haikaribishi, inauliza tu! Ikatalie kama unamkatalia mchumba usiyemtaka!"

"Kuna kilichoandikwa Continue..."

"Hicho ndicho adui! Kwenye kasha, mbele, kuna kitufe ulichowashia. Kibonyeze ukishikilie, usiachilie mpaka taa izime."

Sekunde zile sijui zilikuwa ngapi. Nilisikia Mejumaa akihema. Kisha feni ikapunguza mvumo, ikanyamaza.

"Imezima," akasema. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Bakari. Nimemfuta?"

"Hujamfuta. Haiandiki mpaka uikubalie ya mwisho."

"Una hakika?"

"Nina hakika," nikamwambia, na hakuniuliza tena, ingawa alikuwa na haki ya mara mbili zaidi.

Riziki akarudi, akapewa kipanya, Mejumaa akakalishwa mbali. Tukaanza upya. F12, orodha, mngurumo, maandishi. Cha kushoto. Safari hii mfumo ukafunguka wote kutoka kwenye sidii, na diski ya ndani haijaguswa. Nikamwambia Riziki atafute picha ya diski, aifungue, aingie kwenye folda lake. Akasoma majina mojamoja. Folda la tano lilikuwa harusi.

"Limo?" Mejumaa akauliza.

"Limo," Riziki akasema, na nikajua kwa sauti yake kwamba analia tena.

Nilikuwa nimeleta diski ya nje kutoka dukani. Tukaanza kunakili. Kale kamstari ka kuonyesha muda uliobaki kakasema dakika arobaini, kisha kakasema saa mbili, kisha dakika sita. Msikaamini kamstari hako, vijana, hakajui lolote. Nilichoomba ni stima tu isipotee. Haikupotea. Jambo hilo pia sijapata kulieleza.

Kazi ya namna hii haijaisha mpaka ufungue ulichonakili uone kama kinafanya kazi. Nikamwambia Riziki afungue popote katikati.

"Hutaona," Mejumaa akasema.

"Sitaona."

Lakini leso haizuii sauti, na hilo hakuna aliyelifikiria. Zikaja pembe za vugo zikigongwa kwa vijiti, vigelegele, vicheko, halafu juu ya vyote sauti ya Bi Kibibi, kavu, ya puani, sauti iliyokuwa ikiniamsha kila alfajiri nyuma ya ukuta akiita kuku. Alikuwa anaimba:

*Jirani yetu ni fundi, hatoki mwake nyumbani,*
*Kama kuku wa mayai, aatamia chumbani,*
*Mkewe yuko ngomani, yeye kabaki jikoni,*
*Mfungieni mlango, asije kuibwa ndani!*

Wanawake arobaini wakaangua kicheko. Katikati ya kicheko kile nilikitambua kimoja, kirefu, chenye kukwama mwishoni kama gari lisilowaka. Kilikuwa cha Saumu. Mke wangu, ambaye asubuhi baada ya harusi ile nilimuuliza waliimba nini, akanijibu, "Nyimbo za kawaida tu."

Riziki akasimamisha filamu. Nilifikiri wananicheka kwa ndani. Kisha nikamsikia Mejumaa akisema, si kwa Riziki wala kwangu, "Mama huyo." Basi. Nami wimbo ule sikuutaja, maana hata mimi si mjinga wakati wote.

Adhuhuri tulipoipata filamu yote kwenye diski ya nje, tulirudi kwenye mashine, na sasa nikamwambia Riziki abonyeze kile cha kulia bila woga. Nikamwambia ikimuuliza kama ana hakika, aikubalie hata mara tano. Ikafuta virusi na vyote, ikaweka Linux, mimi nikiongoza kwa mdomo kutoka kigodani. Ndiyo mfumo pekee niliouweka maishani mwangu bila kuuona. Riziki alilalamika wiki mbili kwamba kila kitu kimehamishwa mahali, kisha akazoea, akamaliza kuihariri filamu pale pale, na tangu siku hiyo akawa ananakili kila harusi mara mbili. Nakala moja aliiweka kwa mama yake, kwenye sanduku la nguo za sala.

Habari ikaenea. Baada ya hapo nikawa naitwa kwenye saluni za wanawake, kwa washonaji wenye vipimo vya watu, kwenye madrasa ya kina mama, kote kwa mtindo ule ule wa kigoda na leso. Mutua alikuwa ananiita *remote support*, yaani msaada wa kutoka mbali, akicheka peke yake. Nami nilijifunza jambo ambalo naliacha kwenu kama kifaa. Fundi akishindwa kueleza kazi yake kwa mtu ambaye hamuoni, hajaijua bado. Ukiwa na macho mkono hukimbia. Nyuma ya leso lazima ujue kila hatua kwa jina lake, na ujue kabla ya yote ni hatua gani haina kurudi, uitaje mapema, kabla mtu hajakwenda kunywa maji.

Mutua alirudi kwao Ukambani miaka michache baadaye, akaniachia bisibisi zake na duka likapata mwenyewe mpya. Sidii zikaisha, zikaja flashi, mashine mpya hazina hata tundu la kuingizia sidii. Mwaka huu macho yangu yameanza kuona kila herufi mara mbili, nikaona nipumzike. Watu walishangaa, wakaniuliza nitafanya nini nyumbani siku nzima. Saumu peke yake hakushangaa.

Sasa niko nyumbani siku nzima, na nyuma ya ukuta ni kwa Mejumaa. Kila mabinti zake wakikusanyika, kila harusi mpya ikikaribia, kila sikukuu, huiweka filamu ile. Nasikia pembe, nasikia vigelegele, najua kinachokuja. Wajukuu wake wote wanaujua ubeti ule kwa moyo. Nikienda kununua mkate kuna mmoja, hana meno ya mbele, ambaye husimama kibarazani akaanza, "Jirani yetu ni fundi..."

Wiki iliyopita nikaona basi, mtu mzima nimestaafu, ninayo heshima kidogo. Nikamwendea Mejumaa. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia kwa upole kwamba kipande chenyewe ni sekunde chache, kwamba Riziki anaweza kukikata kwa dakika mbili bila kuharibu sehemu nyingine, na kwamba mimi nitamwelekeza, hata nyuma ya leso nikitakiwa. Hakuinua kichwa. Alitoa jiwe moja kwenye mchele, akalitupa uani, akaniambia:

"Filamu ile ni saa tatu, Bakari, na ndani yake mamangu anacheka mara moja tu, na anayemcheka ni wewe. Utavumilia mpaka ufe."